Taa nyekundu na ukuaji wa nywele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mtu mwenye nywele za kipilipili na ngozi nyeusi anayefikiria kununua kofia, chanuo au paneli ya taa nyekundu. Vijitabu vinavyokuja na vifaa hivi kwa kawaida huandikwa kwa mtu mwenye nywele za singa, na mambo kadhaa yanayotuhusu sisi hayamo.

Taa nyekundu inafanya nini hasa kwenye nywele?

Kila unywele unaota ndani ya kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi ya kichwa. Kifuko hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, hunywea kwa wiki 2 au 3, kisha hupumzika kwa miezi 3 hivi kabla ya unywele kudondoka na mwingine kuanza. Kwenye upara wa kurithi, homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni, hufupisha kile kipindi cha kukua. Kila mzunguko unywele unatoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki kama malaika ya mtoto.

Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 630 hadi 680 unapenya ngozi kwa milimita chache. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba unafyonzwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati vya seli, seli zinapata nishati zaidi, na gesi ya nitriki oksidi inaachiliwa na kutanua mishipa midogo ya damu. Vifuko vilivyolala vinaamka mapema, na vilivyo macho vinabaki kwenye kukua kwa muda mrefu zaidi. Taa haizuii DHT, na haiumbi kifuko kipya pale ambapo cha zamani kimeshakufa. Shika hilo, maswali mengi yaliyo chini yanarudi hapo hapo.

Wazo hili lilitoka wapi?

Budapest, Hungaria, mwaka 1967. Daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulika kwa leza akitaka kujua kama inaleta saratani. Saratani haikutokea, lakini panya waliomulikwa waliota manyoya upesi kuliko wenzao. Ilichukua miaka 40 hadi chanuo la leza la HairMax kuruhusiwa kuuzwa Marekani: 2007 kwa wanaume, 2011 kwa wanawake.

Kuna ushahidi, au ni biashara tu?

Ushahidi upo, na biashara ipo pia. Katika jaribio lililochapishwa 2013, wanaume 44 waligawanywa: wengine walipewa kofia yenye leza 21 na taa za LED 30 za nanomita 655, wengine kofia ya kuigiza yenye balbu nyekundu za kawaida. Walivaa dakika 25, siku moja ndiyo, moja hapana, kwa wiki 16. Waliopata kofia halisi walizidi wenzao kwa asilimia 39. Jaribio kama hilo kwa wanawake, la 2014, lilitoa asilimia 37.

Sasa, asilimia 39 ya nini? Ni hesabu ya nywele ndani ya kiduara kidogo cha ngozi kilichowekwa alama. Haina maana kwamba asilimia 39 ya kipara ilifunikwa. Mahali palipokuwa na nywele nyembamba pakaongezeka nywele. Panapong'aa kama sahani hapakujaribiwa kabisa. Pia majaribio mengi ya fani hii yamegharamiwa na watengeneza vifaa, kwa hiyo yasome kwa tahadhari.

Nywele zangu zinapungua. Nitajuaje kama taa itanifaa?

Swali hili ndilo lingestahili kuulizwa kabla ya bei, na ndilo linalorukwa. Taa imejaribiwa kwa aina moja hasa: upara wa kurithi. Kwa mwanaume unaanzia kwenye mapanja na utosini. Kwa mwanamke msitari wa katikati unapanuka huku nywele za mbele kwenye paji zikibaki.

Wanawake wengi wa kwetu wanaolalamikia nywele hawana tatizo hilo. Wana kingo za nywele zilizokwanguka kwa sababu ya kuvutwa: rasta nzito, wivingi iliyokazwa, gundi ya wigi, mkia wa farasi wa kila siku. Hapo dawa ya kwanza ni kulegeza. Kama uvutaji ni wa miezi michache na bado unaona vinyweleo vifupi pembeni, vifuko viko hai, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe ukiacha kuvuta. Kama ni wa miaka, ngozi imekuwa laini inayong'aa na vitundu havionekani, hilo ni kovu. Taa haitaotesha nywele kwenye kovu, hata ukae chini yake mwaka mzima.

Upo upara mwingine wa makovu unaowapata zaidi wanawake weusi. Unaanzia utosini na kutambaa kuelekea pembeni, mara nyingi ukiambatana na kuwashwa, kuungua au maumivu ukigusa. Huu unahitaji daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kila mwezi unaopita vifuko vinakufa. Mtu anayemulika taa miezi 6 akisubiri muujiza huku ugonjwa huu ukiendelea anapoteza nywele ambazo zingeweza kuokolewa.

Sababu nyingine za nywele kupungua tuzipitie haraka. Mapunye, yaani fangasi wa kichwani, yanatibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza. Mabaka ya duara yanayotokea ghafla, laini bila magamba, ni kinga ya mwili kushambulia vifuko, mwone daktari. Kudondoka kwingi kichwa kizima miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua, malaria kali, upasuaji au mfungo mkali wa kupunguza uzito huisha kwenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12. Ukinunua kofia wakati huo, nywele zikarudi, utaisifu kofia bure. Na kabla ya kutoa pesa yoyote, pima wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo. Vipimo hivi vitatu ni rahisi sana ukilinganisha na kofia inayouzwa mamia ya dola.

Vifaa hivi vimejaribiwa kwenye ngozi nyeusi?

Kidogo mno. Madaktari hupanga ngozi katika ngazi sita za rangi, kuanzia nyeupe inayoungua jua haraka hadi nyeusi kabisa. Vibali vingi vya vifaa hivi Marekani vinataja ngazi ya kwanza hadi ya nne tu. Waafrika wengi tuko ya tano na ya sita.

Sababu ya kimaumbile ni melanini. Inafyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye kifuko, na kile ilichofyonza kinageuka joto. Hivyo mambo mawili hutokea kwa pamoja: kinachofika chini ni kidogo zaidi, na juu panapata moto zaidi. Kwa kofia ya leza dhaifu za miliwati 5, joto hilo ni dogo. Kwa paneli kubwa ya LED iliyosogezwa karibu, unaweza kuhisi kuchomwa, na ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi la muda mrefu. Anza na nusu ya muda ulioandikwa kwenye kijitabu kwa wiki mbili za kwanza. Ukihisi vuguvugu, sawa. Ukihisi moto, sogea mbali au punguza dakika. Usijaribu kufidia melanini kwa kuongeza muda maradufu.

Nimesuka. Naweza kuvaa kofia juu ya rasta?

Unaweza, ila taa itamulika rasta. Unywele unazuia mwanga, na nywele bandia zinazuia vilevile. Kwenye twende kilioni, ngozi inayopata kitu ni ile mistari iliyo wazi tu. Wigi, wivingi, kilemba na hijabu vyote vinatoka kwanza.

Anayefaidika kirahisi ni mwenye nywele zilizonyolewa chini ya sentimita 1, na hapa wanaume wanapumua. Mwenye afro au nywele ndefu za asili agawe kichwa mafungu manne kwa mabutu makubwa, afungue fungu moja moja na kuchana mistari iliyoachana sentimita 2 hivi, amulike mistari hiyo. Kwa nywele za aina hii chanuo la leza, ambalo meno yake yanatenganisha nywele, linashinda kofia, japo mkono utachoka. Asiyeweza kukaa bila kusuka kwa miezi 6 asinunue kifaa sasa.

Chanuo, kofia au paneli?

Chanuo unalisogeza mwenyewe. Kwa HairMax utaratibu ulikuwa mara 3 kwa wiki: dakika 15 kwa lenye miale 7, dakika 11 kwa miale 9, dakika 8 kwa miale 12, ukisogeza sentimita 1 na ushee kila sekunde 4 likilia. Ukiwa na haraka utaruka sehemu, na karibu kila mtu anaruka kisogo.

Kofia unavaa ukaendelea na shughuli, ndiyo maana watu hudumu nayo. Angalia idadi na mpangilio wa taa: nyingine zina taa nyingi utosini na karibu hakuna kwenye mapanja. Paneli ni ya LED pekee, inamulika eneo kubwa, lakini mwanga wake unatawanyika na nywele ndefu zinaumeza.

Leza au LED? Leza ina mwale mmoja mwembamba wa rangi moja kamili. LED inatawanya na rangi yake ina upana kidogo. Majaribio mengi ya mwanzo yalitumia leza au mchanganyiko. Kifaa cha LED tupu cha nanomita 650 hadi 660 si cha kudharau, lakini muuzaji anayetumia matokeo ya kofia ya leza kutangaza LED zake za bei poa anakuuzia ushahidi wa mwingine.

Nihesabu vipi kiasi cha mwanga?

Chukua miliwati zinazofika kwenye kila sentimita ya mraba, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Jibu ni jouli, yaani kipimo cha nishati, kwa sentimita ya mraba.

Mfano wa kofia: diodi 80, yaani vitaa vidogo vya kifaa, za miliwati 5 ni miliwati 400. Zikitandazwa kwenye ngozi ya sentimita za mraba 500, unapata miliwati 0.8 kwa kila sentimita ya mraba. Dakika 25 ni sekunde 1,500, kwa hiyo wastani ni jouli 1.2, ingawa pale mwale unapogonga hasa panapata nyingi zaidi. Mfano wa paneli: miliwati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika 10, yaani sekunde 600, ni jouli 18. Tofauti ni mara 15. Ndiyo maana huwezi kuchukua dakika za kofia ukazipeleka kwenye paneli. Dakika 3 za paneli hiyo tayari ni jouli 5.4.

Tahadhari mbili. Namba za miliwati kwenye matangazo ya paneli mara nyingi zimepimwa kwa mita za bei nafuu za kupimia jua, ambazo husoma taa nyekundu juu kuliko ilivyo. La pili, seli zikipewa mwanga kupita kiasi mwitikio wake unashuka badala ya kupanda. Kumulika kila siku mara mbili hakuharakishi kitu.

Balbu nyekundu ya dukani je? Taa ya vifaranga? Jua?

Balbu ya rangi ni balbu ya kawaida iliyopakwa rangi. Nguvu yake kwenye wimbi linalohitajika ni ndogo. Taa ya kulelea vifaranga, ile nyekundu ya wati 250, ni hatari zaidi: sehemu kubwa ya kinachotoka ni joto. Kazi yake ni kupasha banda, na ikisogezwa karibu na kichwa inaunguza. Jua lina mwanga mwekundu, lina pia mionzi ya urujuanimno inayoharibu ngozi. Aliyepungukiwa nywele anahitaji kofia ya kivuli akitoka nje, si kuota jua.

Nifanye nini, hatua kwa hatua?

Osha nywele ili ngozi isiwe na mafuta ya mgando, jeli wala unga mweupe wa dawa. Si lazima kuosha kila kipindi, ila ngozi iwe safi na kavu kabisa. Gawa nywele kama ilivyoelezwa. Futa taa za kifaa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa spiriti, kifaa kikiwa kimezimwa; mafuta ya nazi yaliyoganda juu ya diodi ni pazia. Vaa, weka muda, usizidishe. Mara 3 kwa wiki au siku moja ndiyo moja hapana, kwa dakika za kijitabu cha kifaa chako.

Usitazame mwale moja kwa moja, na usiwaruhusu watoto kuchezea chanuo la leza. Ukitumia paneli inayomulika paji, vaa miwani ya kukinga iliyokuja nayo.

Piga picha siku ya kwanza na kila baada ya wiki 4: mahali pale pale, taa ile ile, nywele kavu, msitari uleule. Kioo hudanganya pande zote mbili.

Nachanganyaje na minoksidili au mafuta?

Taa kwanza, minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, baadaye. Ukitanguliza dawa, unamulika kichwa kilicholowa. Minoksidili ya asilimia 5 kwa wanaume kwa kawaida ni mililita 1 asubuhi na jioni. Siku ya taa, ya jioni ipake baada ya kuvua kofia. Wengi hupata zaidi kwa kuchanganya hivi viwili kuliko kwa kimoja. Mafuta ya nyonyo, nazi au parachichi yanasaidia unywele usikatike. Yapake baada ya taa pia.

Wiki ya nne nywele zinadondoka zaidi. Niache?

Hapana, kama ngozi haina vidonda wala maumivu. Kifuko kinapoamka kinasukuma nje unywele wa zamani uliokuwa umelala. Hali hiyo hutokea ndani ya miezi 2 ya mwanzo na hupungua. Kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu yeyote, na aliyefumua rasta za wiki 6 ataona rundo lote kwa mara moja. Kudondoka kukiendelea kupita wiki 8, acha na uchunguzwe.

Lini nione kitu, na nikiacha?

Unywele unakua sentimita 1 hivi kwa mwezi, na kifuko kilichoamka leo kinahitaji muda kabla hujakiona. Miezi 4 ndiyo ya kuanza kulinganisha picha, 6 ndiyo ya kuamua. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni nywele kidogo kubaki kwenye chanuo. Ukiacha kabisa, kilichopatikana kinapotea taratibu kwa miezi, kwa kuwa DHT haikuondoka.

Nani asitumie?

Mwenye umri chini ya miaka 18 na mjamzito, kwa sababu vifaa havikujaribiwa kwao. Anayetumia dawa zinazofanya ngozi iogope mwanga, kama antibiotiki ya doksisaiklini, amuulize daktari kwanza. Mwenye kidonda kisichopona, uvimbe au baka linalobadilika kichwani asimulike kabla halijapimwa. Hili linawahusu sana watu wenye ualbino, ambao ngozi ya kichwa hupata madhara ya jua mapema. Kliniki za ngozi kama ile ya hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, zimezoea uchunguzi huo.

Kibandiko cha FDA kina maana gani?

FDA ni mamlaka ya Marekani inayodhibiti dawa na vifaa tiba, na maana ya kibandiko inategemea neno lililoandikwa. Kampuni yoyote inaweza kusajili jina lake FDA, na usajili huo hausemi lolote kuhusu kifaa. Kibali cha kuuza, kinachoitwa 510(k), kinasema kifaa kinalingana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Namba yake huanza na herufi K na tarakimu sita. Itafute kwenye hifadhidata ya FDA, ambako vifaa vya nywele vina msimbo OAP. Muuzaji asiye na namba hiyo ana picha ya nembo tu.

Kifaa kimetoka Marekani. Nichomeke tu?

Soma adapta. Ikiandikwa 100–240V, unahitaji kibadilisha plagi ya pini tatu peke yake. Ikiandikwa 110V au 120V, umeme wetu wa 230V utaichoma siku ya kwanza. Pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, chaji betri kisha chomoa, usimulike ukiwa umechomeka ukutani. Betri ikichoka mwanga unafifia polepole bila wewe kugundua: mulika kifaa kwenye ukuta mweupe kila mwezi na uhesabu taa zilizokufa.

Miezi sita imepita, sijakosa kipindi, picha zinafanana.

Kwanza hakikisha zinafanana kweli. Upara wa kurithi usiotibiwa huendelea, kwa hiyo kubaki pale pale kunaweza kuwa ni faida. Kama zimezidi kupungua, simamisha taa na upeleke picha zako kwa daktari wa ngozi, ukiomba achunguze kama kuna makovu. Pengine atachukua kipande kidogo cha ngozi kukipima. Kama kifaa bado kina dhamana ya kurudishiwa pesa, soma masharti yake leo: nyingi hudai ushahidi wa matumizi, na zile picha za kila wiki 4 ndizo ushahidi wenyewe.